Nimepata ofa ya kufuga samoni Norwe, niende au nibaki na sato wangu?

Mshauri shikamoo, na wasomaji wenzangu hamjambo. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linaninyima usingizi na hapa nyumbani tushagawanyika kambi mbili.

Mimi ni mfugaji wa samaki, nina stashahada ya ufugaji wa viumbe maji na nina mabwawa yangu ya sato na kambale, sio makubwa ila yanatulisha mimi na mke wangu na mtoto, na mdogo wangu ambaye ndo msaidizi wangu. Sasa kuna ajenti kaletwa kwangu na shemeji, anasema ana nafasi za kazi Norwe kwenye shamba la samoni, mkataba miaka miwili, na mshahara nikiuangalia naona kama hapa nilipo nachezea maji tu. Sharti lake ni kwamba nusu ya ada yake nilipe kabla ya kusaini, nusu nyingine itakatwa kwenye mshahara nikishaanza kazi, na nijibu haraka kwa sababu nafasi zinajaa. Kuipata hiyo nusu inabidi nivune sato kabla hawajafika uzito, niuze na pampu na mashine ya kuongeza hewa kwenye maji. Yaani nikienda halafu mambo yakagoma huko, nikirudi nakuta mabwawa matupu na sina cha kuanzia.

Watu wengi nikiwaambia wanadhani naogopa bahari. Naiogopa ndio, ila hiyo hofu nimeifanyia kazi, nimesoma nikauliza na walionitangulia. Wale wa Norwe sio watoto wadogo kwenye hii kazi, ndo wanaoongoza duniani kwa samoni wa kufugwa, wanavuna zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka. Kizimba kimoja, yaani wavu mkubwa wa kufugia humo baharini, mzunguko wake unafika hata mita 160 na sheria yao inaruhusu samaki mpaka 200,000 humo ndani, mimi samaki 200,000 hata kwenye ndoto sijawahi kuwaota. Na watafiti wao wenyewe wanasema kwa vifo vya kazini ufugaji wa baharini ni wa pili huko, unaongozwa na uvuvi tu. Watu wanadondoka majini, boti zinapinduka, wengine wanapigwa na mzigo wa kreni au kamba iliyovutwa sana ikaachia. Na yale maji ni ya baridi, sio haya yetu ya kuogelea ukacheka. Wanasema ukidondoka kwenye maji ya baridi kali dakika 1 ya kwanza unahangaika na pumzi tu, halafu una kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, baada ya hapo hata kamba ukirushiwa vidole havishiki, na ndani ya kama saa 1 unaanza kupoteza fahamu. Kwa hiyo laifujaketi sio pambo, na kujua kuogelea kama ninavyojua mimi hakunisaidii sana.

Kuna kitu kingine ambacho kilinishtua zaidi ya baharini kwenyewe, nacho ni mizoga. Samaki wanaokufa wanatolewa kila siku, wanasagwa na kuwekwa asidi ya fomiki mpaka pH, yaani kipimo cha uchachu, ishuke chini ya 4 ndo wasioze. Sasa wakichelewa kusagwa wakaanza kuoza ndani ya tangi inatoka gesi ya haidrojeni salfaidi. Hii gesi mimi naijua, ukikoroga lile tope jeusi la chini ya bwawa inakuja harufu ya mayai viza, ndo hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba bwawani upepo unaipeleka, ila kwenye tangi au chumba kilichofungwa ikizidi pua inakufa ganzi hunusi tena, unajua imeisha kumbe ndo imekolea, na mwenzako akiingia kukuokoa bila kifaa cha hewa mnalala wawili. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa ajenti lilikuwa je kuna kipima gesi na nani anafundisha wageni, akacheka akasema wewe unataka kazi au unataka kukagua kiwanda.

Hapo ndo nilianza kuwa na wasiwasi na karatasi kuliko maji. Mkataba alionitumia ni PDF ya kurasa tatu. Nimeusoma usiku na mke wangu, yeye akiwa anasoma kwa sauti mimi napigia mistari. Panapoandikwa mwajiri hakuna jina la shamba, kuna jina la ofisi ya ajenti. Kwenye cheo pameandikwa mfanyakazi wa kawaida. Kwenye saa za kazi pameandikwa kulingana na mahitaji ya shamba. Kwenye majukumu kuna mistari miwili halafu na kazi nyingine yoyote atakayopangiwa. Na mwisho kabisa kwa maandishi madogo, nikiacha kazi kabla ya miaka miwili nalipa tiketi na gharama zote za kuniingiza, ila hizo gharama hazijatajwa ni kiasi gani, nafasi wameacha wazi.

Sasa mke wangu ambaye hajasomea samaki hata kidogo ndo aliona tatizo la kwanza. Ajenti anasema nitaombewa kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi, na kweli kwa mtu wa nje ya Ulaya kibali chao cha ujuzi kinataka uwe umesoma au una ujuzi unaolingana na kazi, na kazi yenyewe iwe inahitaji huo ujuzi. Mke wangu akauliza, sasa kama wewe ni mwenye ujuzi mbona hapa umeandikwa mfanyakazi wa kawaida? Nikampigia ajenti, akasema hiyo isikupe shida, kikikwama tutakuingiza na viza ya kutembea halafu mambo yatabadilishwa huko huko. Mi nilikaa kimya. Viza ya kutembea ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakupa siku 90 tu ndani ya siku 180 na hairuhusu kuajiriwa, sasa ukivunjika mguu kwenye kizimba siku hiyo utasema nini na kwa nani? Wakati mwajiri halali wa Norwe analazimishwa na sheria kukukatia bima ya ajali kazini. Yaani ulinzi wote wa ile nchi ambao ndo unanivutia kwenda, nikiingia kwa mlango wa nyuma inakuwa kazi kuudai.

Na huo ulinzi upo kweli. Sheria yao inasema saa 40 kwa wiki, ukizidisha unalipwa nyongeza isiyopungua asilimia 40, na kuna mamlaka ya ukaguzi wa kazi inaitwa Arbeidstilsynet ambayo hata mgeni anaweza kuiendea. Ila kima cha chini cha mshahara cha nchi nzima hawana, kuna sekta chache tu zenye kiwango cha lazima kama viwanda vya kusindika samaki, kwa hiyo kama mkataba wako umeandikwa hovyo hovyo mshahara ni maelewano yako na mwajiri. Na hapo kwenye ada pia, mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 181 wa mwaka 1997 kimsingi unakataza ajenti kumtoza mfanyakazi, gharama ni za mwajiri. Nilimwambia shemeji hilo akasema hayo ni ya kwenye makaratasi, huku mtaani kila mtu analipa. Labda ni kweli ila kila mtu kulipa hakunifanyi mimi nisiulize.

Shamba lenyewe linalotajwa kwenye barua ya ofa lipo, hilo nimehakikisha. Kampuni za Norwe kila moja ina namba yake ya tarakimu 9, unaitafuta kwenye sajili ya Brønnøysund bure, na leseni za ufugaji ziko wazi kwenye rejista ya idara yao ya uvuvi. Kampuni nimeiona, leseni nimeiona, na ni kaskazini kule karibu na Tromsø ambako kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Kitu ambacho sijaona ni ushahidi wowote kwamba hiyo kampuni inamjua huyu ajenti. Barua ya ofa imetoka kwenye imeili ya bure, sio ya kampuni. Nikisema niwaandikie mwenyewe niulize, ajenti anasema nikifanya hivyo jina langu linatolewa kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Kambi ya pili nyumbani ni mama na shemeji. Wao wanasema miaka miwili sio mingi na nitarudi na ujuzi. Kwenye mshahara siwabishii. Kwenye ujuzi ndo nabisha kidogo, samoni anataka maji ya baridi na sato wangu wanataka joto la 25 mpaka 30 hivi, kwa hiyo kukaa miaka miwili napambana na chawa wa samaki na kuvuta nyavu za baharini sioni nitakuja kuzitumia wapi. Kitu ambacho ningerudi nacho kweli ni kazi ya nchi kavu, kule kwenye kuzalisha vifaranga ambako maji yanasafishwa na kuzungushwa tena, vipimo vinachukuliwa kila saa na kila kifo kinaandikwa. Hiyo ningeifanya hata kwa mshahara mdogo zaidi. Nilimwomba ajenti anibadilishie niende huko, akasema saini kwanza hayo mtaongea na bosi ukifika.

Kwa hiyo Mshauri naomba unisaidie hapa. Niwaandikie kampuni moja kwa moja hata kama nitatolewa kwenye orodha, au nimtumie kwanza ajenti orodha ya vitu vya kurekebisha, jina la mwajiri, cheo, saa, kituo cha kazi na kiasi cha kulipa nikiacha, halafu nione atajibu nini? Mke wangu anasema ajenti wa kweli hawezi kuogopa imeili moja. Shemeji anasema mtu wa maswali mengi hapewi kazi. Na nimkatalie vipi shemeji bila kuvunja undugu kama ikifika huko, maana yeye ndo aliyemleta huyu mtu kwa nia njema kabisa na ajenti anamsumbua yeye sasa sio mimi.

Na kama kuna msomaji ameshafanya kazi kwenye vizimba vya samoni, Norwe au hata Chile au Scotland, aniambie mafunzo ya usalama walipewa kabla ya kupanda boti au walijifunzia humo humo, na pasipoti zao alikaa nazo nani. Sato wangu bado hawajavunwa, jibu la ajenti natakiwa kulitoa mwisho wa wiki ijayo.

Mfuga sato