Ile 136 yako

Wakio dada yangu,

Hujambo, na watoto hawajambo? Huku Wundanyi sote wazima, baridi ni ile ile na ukungu hautoki mpaka saa nne. Mama yangu anakusalimu sana. Yule tetea wako amelalia mayai tena. Mengine Mjomba atakusimulia, ndiye anayekuletea barua hii na ndizi.

Nakuandikia kwa sababu ya neno lako moja, "tu". Jumapili uliniambia walipokuwa wakipima watu presha kanisani walikukuta na 136 kwa 86, ukasema, "Sijafika 140, pale wanaposema una presha, ni 136 tu." Papo hapo ukaingia habari za harusi ya Mghoi. Mimi nilibaki pale pale kwenye 136.

Usiku nikafungua sanduku, nikatoa kadi yako ya kliniki uliyoniachia. Mwanzo wa mimba ya Daudi ulikuwa 106 kwa 68. Juma lile ulipohama nilikupima mwenyewe hapa zahanati, ikawa 118 kwa 76. Sasa 136. Wewe unaiangalia namba ya mwisho peke yake. Mimi naziona tatu zikipanda, na ndizo zilizoninyima usingizi.

Kuna mji Marekani, Framingham, ambako tangu 1948 wamekuwa wakiwapima watu wale wale miaka nenda miaka rudi, baadaye wakawapima na watoto wao. Wakaona nani presha itampanda: aliye karibu na 140 tayari, mwenye uzito uliozidi, mvuta sigara, aliyezaliwa na mzazi mwenye presha, na umri nao unasukuma. Sigara huvuti, namshukuru Mungu. Lakini mama yako, Wakio. Tulimgeuza kitandani mimi na wewe, upande wote wa kulia umelala, na hakuwa hata na miaka 60.

Na ile mimba ya Daudi tusiisahau. Miguu ilivimba, kichwa kikauma, ikabidi mtoto atolewe kabla ya siku zake. Ukajifungua salama, presha ikashuka, tukadhani yamekwisha. Mwanamke aliyewahi kupanda presha akiwa mjamzito ana hatari kubwa zaidi ya kuipata tena baadaye, hata miaka mingi ikipita. Sidhani kuna aliyekueleza hilo siku ile unatoka wodini. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Tena kuna jambo la kuhamia Nairobi. Chuoni tulisomeshwa habari za Wajaluo waliotoka vijijini Nyanza wakaenda kukaa Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 1990. Walifuatwa hadi miaka miwili, wakilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Miezi michache tu mjini, presha ilikuwa imeshapanda. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi, ile ya kwenye chumvi, na potasiamu kidogo, ile tunayoipata kwenye ndizi, maharagwe na mboga. Na uzito ukaongezeka.

Nikakukumbuka wewe. Nilipokuja Aprili, asubuhi mkate na soseji, mchana chipsi, na nilikuona ukinyunyiza chumvi kabla hujaonja. Nilinyamaza, nilikuwa mgeni. Leo nasema. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na soseji. Na huku ulikuwa unapanda kile kilima na ndoo kila siku. Huko ni matatu mlangoni.

Sasa nakuomba, nifanyie hili. Azima mashine kwa jirani yako wa duka la dawa, ujipime siku saba, asubuhi na jioni. Kaa dakika tano kwanza, mgongo uegemee, miguu chini usiikunje, mkono juu ya meza, usiongee na mtu. Chai iwe baadaye. Andika kila namba kwenye daftari, hata ile usiyoipenda, kisha nipigie. Zikibaki hapo juu, nenda kwa daktari na kadi hii, nimempa Mjomba. Na usimeze zile dawa za mama yako zilizobaki, tafadhali. Kila mtu na zake.

Unalala saa ngapi siku hizi, bado unafunga hesabu za kazini usiku? Kichwa kinakuuma? Uzito uliokuwa nao ulipohama ulikuwa 61, sasa ni ngapi? Kaka yako naye ameshapimwa? Na harusi ya Mghoi utakuja kweli? Ukija, utalala kwangu, nikupime mwenyewe?

Akupendaye,
Mkamburi