Mheshimiwa Diwani, tufungulie uchochoro wa gari la zimamoto

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizokuletea ofisini kwa mkono zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na mpaka leo hatujapata jibu hata la mdomo. Wiki iliyopita fremu za mgongoni mwa soko letu zimeungua. Yangu ni mojawapo.

Ulifika asubuhi yake ukatupa pole, na kwa hilo tunakushukuru. Ukawaambia waandishi wa habari kwamba chanzo ni hitilafu ya umeme na kwamba uchunguzi unaendelea. Huenda ni kweli. Sisi tunaofanya kazi pale tunajua kwamba zile fremu mpya za mabati zimeungiwa umeme na vishoka kutoka mita moja, waya mwembamba umebebeshwa pasi, feni, friji ya soda na cherehani za umeme. Swichi ikijikata kwa kuzidiwa, fundi anaitwa kuifunga waya moja kwa moja ili isijikate tena. Kwa hiyo waya unachemka ndani ya mbao na hakuna kinachouzuia. Nadhani ndipo moto ulipoanzia, ingawa wachunguzi ndio watakaosema.

Lakini Mheshimiwa, hata kama moto ungeanzia kwenye kiberiti cha mlevi, zingeungua fremu mbili tatu. Safu nzima imeteketea kwa sababu gari la zimamoto lilifika na halikuweza kuingia.

Nililiona kwa macho yangu. Mlinzi alipiga 114, akapokelewa, gari likaja. Likakwama barabarani, mbele ya banda la chipsi, kwa sababu uchochoro ambao kwenye ramani ya soko umeachwa kwa ajili ya magari, sasa umebaki njia ya mkokoteni. Gari lile upana wake unakaribia mita 2 na nusu. Askari wakashuka, wakaanza kuburuta mipira kwa mikono kupitia juu ya mtaro, wanaruka meza za wauza nyanya gizani. Wakati huo moto ulikuwa umeingia kwa jirani yangu anayeuza magodoro, na sponji ikiungua haibaki mahali pake, inadondoka matone yanayowaka na kila tone linawasha linapoangukia. Walipofika na maji, fremu yangu ilikuwa imeshashika darini.

Kisha maji yakaisha. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kupiga hesabu hii: gari lenye lita 5,000, likimwaga lita 1,000 kwa dakika, linakauka baada ya dakika 5. Ndiyo maana pembeni ya soko liliwekwa bomba la kujazia magari ya zimamoto. Mheshimiwa, bomba hilo liko chini ya sakafu ya fremu. Limemwagiwa zege. Askari mmoja alikuwa anatuuliza, "Bomba liko wapi? Bomba liko wapi?" na sisi tunamwonyesha ukuta wa mabati. Gari likabidi liondoke kwenda kujaza kwingine. Tuko Mwanza, ziwa tunaliona kutoka sokoni, na tumeunguliwa kwa kukosa maji.

Wale askari siwalaumu. Walifanya kazi ya mikono mpaka kulipopambazuka, mmoja alitolewa akikohoa moshi. Wanastahili heshima yetu yote.

Mheshimiwa, nakukumbusha maneno yako. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, ulitukusanya sokoni, ukashika kipaza sauti na kusema kwamba hapa kwetu hutaruhusu yatokee, na kwamba uchochoro ule utabaki wazi "hata kama ni fremu ya mdogo wangu." Tulikupigia makofi. Haukupita muda mrefu nguzo za kwanza zikachimbiwa. Tunasikia waliojenga wana vibali, tunasikia pia wanalipa kodi kila mwezi kwa mtu ambaye hatajwi. Sijui nani aliruhusu, lakini wewe unakaa kwenye vikao vinavyopanga mji, huwezi kukosa kujua.

Na mkaguzi wa zimamoto alishasema. Sisi wenye fremu tunalipia tozo ya ukaguzi, na Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 haikutungwa kwa ajili ya kuangalia mitungi ya kuzimia moto tu. Mtungi wangu mwekundu ulikuwa salama, sindano iko kwenye kijani, kadi imesainiwa. Umeungulia ndani, duka likiwa limefungwa na mimi niko nyumbani nimelala. Mkaguzi aliyepita mwaka huu alitazama mtungi, akatoka nje, akatazama uchochoro, akatikisa kichwa. Alituambia wazi kwamba ataandika njia ifunguliwe na bomba lifukuliwe. Karatasi hiyo iliishia kwenye meza ya nani?

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani ya chuma imebaki, lakini mkanda, meza na mota vimekwisha. Sare za shule nilizokuwa nimeshakata zimekuwa majivu. Kilichonilaza macho si mali yangu, ni mali za watu: vitenge vya kamati nzima ya harusi ya Igoma, suti ya mzee wa kanisa, gauni la mtoto wa kipaimara. Wateja wanakuja, wananipa pole, halafu wanasimama kimya wakisubiri niseme nitawalipa lini. Mkopo wa kausha damu niliochukulia ile mota nao hausikii pole. Kila Ijumaa wanapiga simu.

Naomba pia utazame juu. Ghorofa ya pili ya jengo lililo jirani na fremu zetu wanalala vijana, wanafunzi wa ufundi na wapakuaji wa mizigo. Ngazi ni moja, madirisha yote yana nondo zilizochomelewa, na mlango wa chini mlinzi anaufunga kwa kufuli usiku. Safari hii upepo wa ziwa ulipeleka moto upande mwingine. Mwaka 1994 tuliwazika wasichana wa shule ya Shauritanga kule Rombo, waliokufa kwa moto bwenini. Septemba 2020, hapa jirani zetu Kyerwa, watoto 10 walifia bwenini kwa moto. Sitaki mwakani tuwataje wale vijana wa ghorofani kwa namna hiyo.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na maombi mengi: fidia, mikopo nafuu, umeme ukaguliwe upya, ngazi ya pili, nondo zifunguke kwa ndani. Yote bado tunayataka. Lakini leo asubuhi nimefika sokoni nikakuta mbao mpya na mabati mapya yameshushwa palepale, ndani ya uchochoro, na mashimo mawili ya nguzo yameshachimbwa. Majivu hayajazolewa.

Kwa hiyo nabaki na ombi moja. Zuia ujenzi ule. Usiunde kamati, usingoje kikao cha robo mwaka. Njoo wiki hii na afisa mipangomiji na mtu wa zimamoto, mje na futi kamba, mpime njia ya gari kutoka barabarani mpaka ukuta wa nyuma, muweke alama ya rangi, na zege lililofunika bomba livunjwe mkiwa mmesimama pale. Nyundo tunazo, vijana wa kuvunja tunao, hatutaomba posho.

Kama kuna sababu ya fremu zile kuwepo pale, tuambie sababu hiyo mbele ya wafanyabiashara wote. Na kama haipo, tufungulie njia, Mheshimiwa. Tufungulie njia kabla hawajapiga bati la kwanza.

Ni mimi mpiga kura wako,
Fundi cherehani, safu ya nyuma ya soko,
Mwanza