Ramani tulizochora zisiachwe zizeeke

Mhariri,

Kila Bonde la Msimbazi linapofurika, magazeti hujaa picha za magodoro juu ya mapaa. Naomba nafasi niseme habari ya kazi ambayo haipigwi picha.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Wakati ule mitaa yetu mingi isiyopimwa ilikuwa pengo tu kwenye ramani. Mwaka 2015 ulipoanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo waliingia uswahilini pamoja na wakazi, wakachora nyumba, vichochoro, mitaro na visima kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaitumia bure.

Nilikuwa miongoni mwa wenyeji waliowatembeza vijana hao. Tulikuwa tukiuliza mlango kwa mlango: "Maji yalifika wapi?" Hakuna aliyejibu kwa mita. Mama mmoja muuza maandazi alijishika kiuno, kisha akatuonyesha alama ya tope chini ya dirisha lake. Jirani yake, nyumba ya tatu tu, alishika goti. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mtaro upite wapi, na haionekani kwa setilaiti. Anayeijua ni yule aliyebeba watoto usiku ule.

Miaka kadhaa baadaye walikuja mafundi kuchimba mtaro, wakauelekeza kwenye kichochoro kinachojaa kuliko vyote. Mjumbe wetu akawatandikia ramani mezani. Walibishana hadi adhuhuri, mwishowe wakahamisha vigingi. Siku hiyo jua lilikuwa kali, hapakuwa na hata wingu. Watu wengi hudhani kazi ya ramani huisha maji yakikauka. Mimi niliona faida yake kiangazi.

Wenzetu wa Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, walianza kuchora shule na hospitali zao mapema, na tetemeko la Aprili 2015 likakuta ramani ipo. Haiti, baada ya tetemeko la mwaka 2010, watu wa kujitolea kutoka pembe zote za dunia walilazimika kukesha wakichora mji mkuu, Port-au-Prince, huku majeruhi wakiwa bado chini ya vifusi.

Lakini ramani huzeeka. Ile iliyobandikwa ofisini kwetu imepauka, na ina nyumba zilizokwisha kubomolewa. Kisima kimoja kilichomo kimefukiwa zamani.

Ombi langu kwa halmashauri za jiji ni dogo. Kila mtaa wa bondeni upewe vijana wawili wa kuipitia ramani yake mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, nao walipiwe nauli na bando la simu. Vijana wetu wako tayari kutoa miguu yao na muda wao. Nauli wasitoe mfukoni.

Mkazi wa Hananasif,
Kinondoni, Dar es Salaam