Salamu za Kihmong kabla ya Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tunakwenda Hmongtown Marketplace, soko la Wahmong mjini St. Paul, kwa hiyo tuchukue salamu mbili tatu. Wahmong wengi wa hapa Minnesota asili yao ni Laos, na walianza kuondoka huko vita vilipokwisha mwaka 1975.

“Hujambo” ni Nyob zoo. Hiyo b haitamkwi kabisa! Inaonyesha toni tu, kwamba sauti iwe ya juu. Mtasikia kama “nyo zhong”. Asante ni Ua tsaug, na hiyo g vilevile ni toni. Ninayoipenda zaidi ni ya kumuuliza mtu kama ameshakula: Koj noj mov lawm los tsis tau?

Kesho natuma sauti. Jamani, msinijibu kwa stika, rekodini na ninyi.