Sisi hatupigi kelele ya bure

Kwa Mhariri,

Kuna msomaji aliandika hapa juzi ati sisi wazazi tunaosimama na mabango nje ya hospitali tunavunja wauguzi moyo na hatuelewi kazi yao. Hiyo barua nimeisoma mara tatu kwa matatu kutoka Kayole mpaka nikapitisha steji yangu. Wacha nimjibu polepole, juu sina ugomvi naye.

Kijana wangu alikua na miaka miwili na miezi minne. Alilazwa Jumapili jioni na nimonia, si ugonjwa wa ajabu, ni ule kila mama wa Nairobi anaujua baridi ya Julai ikifika. Waliwekwa wawili kitanda kimoja, huyu kichwa huku yule kichwa kule, na sisi mama zao tukawa tunapokezana kiti kimoja. Hiyo sikulalamika. Usiku wa pili ndio akabadilika. Sijui nitamwelezaje mtu ambaye hajawahi kulea, lakini mtoto wako akibadilika unajua tu, alikua amekataa maziwa, halii tena nikimwacha kidogo niende choo, mbavu zinazama ndani kila akivuta pumzi na pua inapanuka kama ya mtu ametoka mbio. Nikamwendea sista, akaniambia mama tulia, ameshapewa dawa. Nikarudi tena. Mara ya tatu akaniuliza, kwani wewe ni daktari?

Mimi si daktari, mimi nauza mitumba ya watoto Gikomba. Nikakaa chini nikatoa simu nikaweka saa nikahesabu pumzi zake dakika nzima, 58. Nikadhani nimekosea nikaanza upya, 61. Baadaye sana ndio nilikuja kujua kwamba kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani mtoto wa mwaka mmoja mpaka miaka mitano akifika pumzi 40 kwa dakika hiyo tayari ni kupumua mbio, na kuhesabu ndio hivyo hivyo nilivyohesabu, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Hakuna mashine inahitajika hapo. Saa kumi na nusu alfajiri akatuacha.

Lakini kilichonibebesha bango si kifo peke yake, ni karatasi. Ile hukaa mguuni mwa kitanda wakijaza joto na pumzi. Tuliambiwa faili haionekani, halafu ikaonekana lakini iko na mtu yuko likizo, mpaka baba mmoja kwa kikundi chetu (yeye alipoteza msichana wa miezi saba, hospitali nyingine kabisa) akatuambia wacheni kubembeleza, andikeni barua mtaje sheria ya kupata habari ya 2016, inawapa siku 21 kujibu. Kopi ikatoka. Saa nne usiku, pumzi 32. Saa nane usiku, 32. Saa kumi na mbili asubuhi, 32, kalamu ile ile, mwandiko ule ule umelala upande mmoja. Saa kumi na mbili mtoto wangu alikua amefunikwa shuka lesso yangu ikiwa juu yake.

Sasa msomaji wetu anadhani namchukia yule sista. La. Alikua peke yake na watoto nilihesabu thelathini na kitu, na kile kidude cha kubana kidole kupima oksijeni kilikua kimoja wodi nzima, tena kinagongwa gongwa ndio kiwake. Ningekua yeye labda pia mimi ningeandika 32. Ndio maana hatuombi mtu afungwe. Kushtaki kwa baraza la madaktari kuko na wengine wetu wameenda, lakini baraza linaangalia kosa watu wakishatoka mazishini na sisi tunataka kitu cha saa nane usiku.

Hicho kitu kipo kwingine. Huko Queensland, Australia, mtoto wa karibu miaka mitatu anaitwa Ryan Saunders alikufa 2007, na tangu 2013 mzazi akiona mgonjwa wake anazidi na hasikizwi anapiga simu, anatumwa mtu mwingine kuja kumwangalia upya. Uingereza nao, msichana wa miaka 13, Martha Mills, alianguka na baiskeli akalazwa, akapata maambukizi yakaenea mwilini, mama yake alisema wasiwasi wake na haukutiliwa maanani, akafa 2021. Wazazi wake walipigania mpaka 2024 hospitali zikaanza kuweka huo mpango. Na mtu asiniambie hayo ni ya nchi tajiri, namba ya simu imebandikwa ukutani ni bei gani?

Katiba yetu kifungu cha 53 inasema kila mtoto ana haki ya matibabu, na cha 119 inaturuhusu kupeleka ombi bungeni, nalo tunaliandika sasa hivi kwa meza ya jikoni ya mmoja wetu mtoto wa jirani akituchapia. Ni mambo mawili tu. Kwa ile karatasi kuwe na mstari wa mzazi, aandike amebadilika na saa ngapi, na asiyejua kuandika aandikiwe. Halafu namba moja ukutani, ishikwe na daktari asiye wa hiyo wodi usiku huo.

Huyo msomaji akitaka kuja kuketi na sisi Jumamosi karibu, chai iko, na sista wawili wanakuja pia, walikuja wenyewe hatukuwaita.

Mhariri najua mnakata barua zikiwa ndefu. Kata Australia, kata hata Katiba, lakini ile 32 ya saa kumi na mbili asubuhi tafadhali niachie.

Mzazi,
Kayole, Nairobi