Barua kwa Zuhura, kutoka Bogotá

Bogotá, Colombia, Jumatatu usiku

Shoga yangu Zuhura,

Za Kimara? Bibi hajambo? Sisi tumefika salama, mimi na Neema na mabegi yetu ya mgongoni. Safari ya kupitia Istanbul nitakusimulia tukionana, ni ndefu na haina utamu. Umeniuliza baridi, wezi na chakula. Nitajibu yote, ila kuna la nne ambalo hukuuliza, na ndilo lililonifanya niwashe taa usiku huu wakati mwenzangu anakoroma.

Tuanze na hewa. Unakumbuka Kitulo, tulivyokuwa tukihema kupanda kilima cha watoto? Basi chukua mwinuko ule ule, uweke juu yake jiji la watu zaidi ya milioni saba pamoja na magari yao. Bogotá ipo mita 2,640 juu ya usawa wa bahari, na sisi watu wa Dar tulilijua hilo kwenye ngazi za hosteli. Mwenye nyumba alitwambia twende taratibu na tunywe maji kwa wingi. Maji ya bomba huku watu wanakinga na kunywa bila kuchemsha. Mengi yanatoka nyanda za juu za Chingaza. Baridi nayo ina vituko vyake: asubuhi jua linachoma, mchana mvua, jioni unavaa sweta mbili. Lakini jua linazama mnamo saa kumi na mbili kama huko, maana ikweta haipo mbali. Wakati nyinyi mnalala, sisi ndiyo tunatafuta cha mchana.

Kupotea si rahisi. Milima ipo mashariki na unaiona karibu kila unapogeuka. Barabara zinazofuata milima zinaitwa carrera, zinazoikata zinaitwa calle, na nyingi zina namba. Anwani inakuonyesha kona na umbali wa kutoka pale konani. Mimi niliyekulia kwenye "ukifika kwa Mangi uliza tena" nilijiona nimepewa ramani ya hazina.

Tumefikia La Candelaria, mji mkongwe, vichochoro vya mawe na nyumba za rangi. Uwanja wa Bolívar upo hatua chache: kanisa kuu, bunge, njiwa, na Jumba la Haki, yaani makao ya mahakama za juu, ambalo liliteketea Novemba 1985 waasi wa M-19 walipolivamia na jeshi likajibu. Jengo la sasa ni jipya. Ukishuka Carrera Séptima unapita mahali alipopigwa risasi Jorge Eliécer Gaitán, tarehe 9 Aprili 1948, mwanasiasa aliyependwa na wanyonge. Mji ulichomwa moto siku ile ile. Leo pale wanapita watu na pochi zao na karanga zao. Nilisimama, Neema akaniambia nasumbua njia.

Jumba la Makumbusho ya Dhahabu usilikose ukija. Kuna chombo kimoja kidogo, hakifiki sentimita 20, chelezo cha dhahabu chenye chifu na watu wake. Ni kazi ya Wamuisca, wenyeji wa nyanda hizi kabla ya Wahispania. Wengi wanakihusisha na ibada ya ziwa Guatavita, chifu akipakwa unga wa dhahabu na sadaka zikitupwa majini. Habari hizo ndizo zilizowatia Wahispania wazimu wa kusaka El Dorado, nchi ya dhahabu. Watu wengi walikufa porini wakitafuta, na kitu chenyewe kinaenea kiganjani!

Chakula sasa. Ajiaco ni supu nzito ya kuku na aina tatu za viazi, na hindi lake limo humo humo. Pembeni wanakuletea parachichi, wali na krimu. Kwa baridi hii ni dawa. Chokoleti ya moto wanatumbukiza jibini ndani, likilainika unalivua na kijiko. Neema amekataa katakata, mimi nimeagiza tena. Sokoni Paloquemao kuna stafeli na pasheni, na binamu za pasheni ambao sijawahi kuwaona. Wauza kahawa wanatembea na chupa zao mitaani, kikombe kidogo, kama Kariakoo.

Lakini chakula kilichotunyamazisha kilikuwa cha akina mama wa pwani ya Pasifiki: samaki wa nazi, ndizi za kukaanga. Watu weusi wengi wa Bogotá wametoka pwani hiyo, na kila mtu anadhani sisi ni wa huko. Wanatumiminia Kihispania hadi tutoe pasipoti. Mama mmoja aliposikia Afrika Mashariki alituongezea kipande cha samaki. Akamtaja Francia Márquez, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa Makamu wa Rais hapa, aliyefika hadi Kenya mwaka 2023.

Wezi wapo. Simu haitolewi barabarani, na giza likiingia La Candelaria hatutembei, tunaita teksi. Ni tahadhari zile zile unazochukua wewe Manzese.

Haya, la nne. Zuhura, Mwendokasi yako imetokana na huku! TransMilenio ilianza Desemba 2000, mabasi mekundu marefu, njia zake katikati ya barabara, vituo vya kupandia juu, kadi ya kugonga. Miji mingi iliiga, na yetu ikafuata mwaka 2016. Nilipoingia kituoni saa za kazi nikacheka peke yangu: mbanano ule ule, viwiko vile vile, na vijana wanaoruka kuingia bila nauli. Tofauti ni kwamba ndani ya basi kuna mtu anaimba na spika yake. Kadi hiyo hiyo inakupandisha TransMiCable, vibanda vya kwenye waya vilivyofunguliwa 2018 kwenda vilima vya Ciudad Bolívar, wanakoishi watu wa kipato cha chini. Tulipanda. Chini yako ni mabati, michoro ukutani, kamba za nguo. Pembeni yako mama na mfuko wake wa viazi anarudi nyumbani.

Na Jumapili! Saa moja asubuhi hadi saa nane mchana barabara kubwa zinafungiwa magari, zaidi ya kilomita 100, zinabaki za baiskeli na miguu. Wamefanya hivyo tangu miaka ya sabini. Wazee, watoto, mbwa, wauza maji ya machungwa, wote katikati ya lami. Nilikuwa nikiwaza Barabara ya Morogoro kuanzia Ubungo hadi Jangwani, Jumapili moja tu, wewe na baiskeli yako isiyo na breki. Najua watasema haiwezekani. Huku nako nina hakika kuna aliyesema.

Keshokutwa tunakwenda Zipaquirá kuona kanisa lililochongwa ndani ya mgodi wa chumvi, kisha mlima Monserrate kama mapafu yataruhusu, la sivyo tutapanda kwa kibanda cha waya. Mwambie Bibi kahawa yake nimenunua, ila ni ya punje, hivyo atafute kinu. Na kodi ya chumba changu mlipe baba mwenye nyumba kabla ya tarehe tano, nitakurudishia.

Wako,
Rehema