Mvinyo wa Els: angalia mchuzi kabla ya rangi ya nyama

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu mvinyo wa Afrika Kusini na mcheza gofu Ernie Els. Mada hii haiandikwi mara nyingi kwa Kiswahili, na kwa hilo mnastahili pongezi. Hata hivyo, kuna mambo mawili makubwa ndani yake yanayoweza kumpotosha msomaji. La kwanza ni ile kanuni kwamba mvinyo mwekundu ni wa nyama na mweupe ni wa samaki. La pili ni maelezo yanayomfanya mtu aamini kuwa akinunua chupa ya Els tayari amechangia watoto wenye usonji. Naomba nafasi niyaeleze yote mawili.

Nianze na shamba, maana bila shamba chakula hakieleweki. Els, mzaliwa wa Johannesburg, ameshinda mashindano makubwa manne: US Open mwaka 1994 na 1997, na The Open mwaka 2002 na 2012. Mvinyo wake wa kwanza ulitokana na mavuno ya mwaka 2000. Shamba lipo Stellenbosch, karibu na Cape Town, kwenye miteremko ya mlima Helderberg inayotazama kaskazini. Huku kusini mwa dunia, upande wa kaskazini ndio unaopigwa zaidi na jua, na Cabernet Sauvignon ni zabibu inayochelewa kuiva, kwa hiyo inalihitaji joto hilo. Ikivunwa kabla haijaiva vizuri, mvinyo wake hunuka pilipili hoho mbichi na ukakasi wake hukwaruza ulimi. Mchana ukisogea, upepo kutoka ghuba ya False Bay huipoza mizabibu ili zabibu zisipoteze uchachu wao.

Makala iliutaja mvinyo wa Els kana kwamba ni wa aina moja. Ule unaoitwa Signature ni mchanganyiko wa zabibu tano: Cabernet Sauvignon, Merlot, Cabernet Franc, Malbec na Petit Verdot, na Cabernet ndiyo uti wa mgongo wake. Huu ni mvinyo wa kuwekwa miaka. Ukiufungua ungali mchanga, umimine kwenye jagi la kioo saa moja au mbili kabla ya kula, la sivyo utaonja ukakasi na mbao za pipa kuliko tunda. Big Easy, uliopewa lakabu ya Els mwenyewe, ni kitu kingine kabisa. Ule mwekundu umejengwa juu ya Shiraz na Cabernet, ni laini na haumdai mtu subira, na mweupe wake ni Chenin Blanc. Anayenunua Big Easy akidhani ameshika Signature atasema mvinyo wa Els ni mwepesi, na anayefanya kinyume chake atasema ni mkali. Wote wawili watakuwa wamekosea chupa.

Sasa chakula. Kinachoamua mvinyo ni mafuta, chumvi, pilipili, utamu na uchachu uliomo kwenye sahani. Rangi ya nyama huja nyuma kabisa.

Chukua bobotie, chakula cha Rasi, yaani eneo la Cape, kilichotoka kwenye majiko ya Wamalay wa huko, Waislamu wenye asili ya Asia. Kilo moja ya nyama ya kusaga hukaangwa na vitunguu, bizari, manjano, zabibu kavu na jamu ya aprikoti au chatini, ikachanganywa na mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Juu humiminwa mayai mawili yaliyopigwa na maziwa kama mililita 250, yakachomekwa majani ya mlimau, kisha sinia huingia kwenye oveni yenye nyuzi 180 mpaka juu pashike na kupata rangi ya dhahabu, kama nusu saa hivi. Hiyo ni nyama, tena nyekundu. Kwa kanuni yenu ingewekewa Signature, na hapo ndipo karamu inapoharibika: utamu wa aprikoti huufanya mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, uonekane mchachu na mwembamba, bizari huchochea ukakasi, na kilevi cha asilimia 14 na zaidi huongeza moto wa pilipili kooni. Bobotie inataka Chenin Blanc iliyoiva vizuri, na yenye utamu kidogo ikipatikana. Ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote Afrika Kusini, na wakulima wa zamani waliiita Steen. Uchachu wake hukata mafuta ya mayai, na harufu yake ya matunda hukutana na aprikoti bila kugombana nayo.

Mfano wa pili ni waterblommetjiebredie, mchuzi mzito wa nyama ya kondoo na maua ya majini yanayochumwa kwenye mabwawa ya Cape wakati wa baridi. Mchuzi huo hutiwa majani machachu ya suring. Kondoo huyu anakwenda na mvinyo mweupe, Sauvignon Blanc wa Elgin au Durbanville huko Cape kwa mfano, kwa sababu mvinyo usiofikia uchachu wa mchuzi hupooza kama maji.

Kondoo wa Karoo, nyanda kavu za bara, akichomwa, mambo hugeuka. Hapo Signature inafika nyumbani kwake. Subiri kuni ziwe makaa na makaa yavae jivu jeupe. Simamisha mbavu kwa upande wa mafuta kwanza, dakika nne au tano mpaka ukingo ukauke na kuvuja, ndipo uzilaze kila upande kwa dakika tatu hivi. Protini ya nyama hushikana na ukakasi wa mvinyo, na chumvi hupunguza uchungu, kwa hiyo Cabernet iliyokuwa kali ikiwa peke yake hulainika kinywani. Ila nyama ikikaushwa mpaka ndani, ukakasi hauna cha kushika isipokuwa mate yako, na mdomo unakauka kama umetafuna kitambaa. Wengi huulaumu mvinyo wakati aliyekosea ni mchomaji.

Boerewors, soseji ndefu ya kuzungushwa, ina giligilani, karafuu, kungumanga na siki kidogo. Usiitoboe: mafuta yakidondoka, moto hulipuka, soseji hukauka, na masizi yake huleta uchungu. Hapa Big Easy mwekundu unafaa, au Pinotage, zabibu aliyoizalisha Abraham Perold mwaka 1925 pale Stellenbosch kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Pinotage ina sifa mbaya kwa baadhi ya wanywaji, na sababu ipo. Maganda yake hutoa rangi na ukakasi haraka mno, kwa hiyo yakiachwa na maji ya zabibu kwa muda mrefu mvinyo huwa mchungu. Uchachuaji ukiachiwa upande joto ovyo, hutokea harufu ya rangi ya kucha. Hizo ni kasoro za mkono wa mtu, zabibu yenyewe haina hatia. Pinotage iliyotunzwa vizuri huleta forosadi na moshi kidogo, na hakuna mvinyo ninaouona unalingana nao pembeni ya makaa.

Kwa samaki, kanuni yenu ina ukweli wake, lakini sababu haikutajwa. Snoek ana mafuta mengi, na mafuta ya samaki yakikutana na mvinyo mwekundu huacha ladha ya chuma mdomoni. Snoek wa kuchoma aliyepakwa siagi, kitunguu saumu, limau na jamu ya aprikoti anataka Chenin iliyokaa kwenye pipa la mwaloni, yenye uzito wa kumkabili. Chaza wanataka Cap Classique, mvinyo wa mapovu unaochachuka mara ya pili ndani ya chupa yake; wa kwanza, Kaapse Vonkel wa shamba la Simonsig, ulikuwa wa mavuno ya 1971. Malva pudding, kitindamlo kitamu cha huko, nayo isiwekewe mvinyo mkavu hata kidogo. Mvinyo lazima uwe mtamu kuliko kitindamlo, kama ule wa Muscat wa Constantia.

Makala ilisema pia mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Chumba cha nyuzi 28 kitauharibu: harufu ya kilevi hupanda na kulifunika tunda. Unatakiwa uwe kati ya nyuzi 16 na 18, na dakika 20 hadi 30 kwenye friji hutosha kuuteremsha. Chenin ni nyuzi 10 hadi 12, mvinyo wa mapovu 6 hadi 8. Kizibo kilichosukumwa juu kikapita mdomo wa chupa ni dalili kwamba chupa ilipikwa na joto njiani au dukani, usiinunue. Mvinyo unaonuka karatasi ngumu iliyolowa maji una ugonjwa wa kizibo, nao hauponi kwa kuachwa upate hewa. Urudishe.

Kwenye lebo, tafuta mhuri wa uthibitisho shingoni mwa chupa. Utaratibu huo wa Afrika Kusini ulianza mwaka 1973. Jina la mahali likitajwa, zabibu zote, asilimia 100, lazima ziwe zimetoka hapo. Aina ya zabibu na mwaka wa mavuno vinadai angalau asilimia 85. Jina la mchezaji, liwe la Els au la Retief Goosen ambaye naye ana mvinyo wake, halithibitishi lolote kati ya hayo.

Nije kwenye hisani, ambako kosa linagusa watu. Els ana taasisi mbili tofauti na makala iliziunganisha. Ya kwanza, Ernie Els & Fancourt Foundation, ilianza mwaka 1999 kuwasaidia vijana wa Afrika Kusini wenye kipaji cha gofu wasio na uwezo wa fedha. Louis Oosthuizen, aliyeshinda The Open mwaka 2010 pale St Andrews, alipita humo. Ya pili, Els for Autism, aliianzisha na mkewe Liezl mwaka 2009 baada ya mtoto wao Ben kugundulika ana usonji. Hii ina makao yake Jupiter, Florida, nchini Marekani, ambako kuna kituo chenye shule, na inaendesha pia mafunzo ya gofu kwa watu wenye usonji. Ni kazi ya miaka mingi, na inastahili kuelezwa kwa usahihi.

Lakini shamba la mvinyo ni biashara, na taasisi ni taasisi. Kununua chupa si kutoa mchango, isipokuwa pale muuzaji anapotamka wazi kuwa kiasi fulani cha chupa ile au cha mnada ule kinakwenda huko. Msomaji aliyeguswa na habari ya watoto hawa achangie taasisi yenyewe moja kwa moja, na mvinyo aununue kwa sababu ya mbavu za kondoo.

Ombi langu kwenu, Mhariri: mkirudi kwenye mada hii, kila chupa mnayoitaja iandikiwe zabibu zake, mahali ilikotoka, mwaka wa mavuno na asilimia ya kilevi. Na pale mnapotaja chakula, tajeni mchuzi wake.

Msomaji wenu wa siku zote